Leo Nimepandishwa Farasi na Niliyemkataa

Leo nimepanda farasi, mimi mzee ambaye miguu yake imeshakataa!

Mjukuu alinipeleka kituo cha mazoezi ya viungo kwa kupanda farasi, Lukuledi. Mkufunzi, mama anayetembelea magongo, alikuwa akimsugua farasi kwa brashi.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi Somoe. Mama alinileta kwako mgongoni, niandikishwe darasa la kwanza."

Nilikumbuka. Niliandika daftarini "hawezi kutembea", nikawarudisha nyumbani. Sijawahi kumwambia mtu, na siku zangu zimebaki chache.

Somoe akajaza fomu yangu, akisoma kwa sauti anachoandika: "Hawezi kutembea."

Nikangoja kurudishwa.

"Umepokelewa. Mpe farasi kiganja akunuse. Hapa anayekataa watu ni farasi tu."

Farasi alininusa, akanikubali. Hakujua habari zangu.

Ninyi sasa mnazijua. Mngenipandisha?