Nilivyofungiwa Nyuma ya Haisi

Shule niliiacha darasa la nne, na shule nayo haijanitafuta mpaka leo. Lakini haisi za zamani za mzigo, zile za boksi, nyuma hazina vioo wala viti, bati tupu mpaka mgongoni mwa dereva, hizo nazijua kuliko mtu yeyote kuanzia Kibiti mpaka Nyamisati. Nilianza kwa kuzipakia kaa na samaki, nikawa utingo, nikawa dereva, na leo nina duka la matairi kando ya lami. Basi la Lindi likipasua tairi, dereva wake ananijia kwa adabu. Kwa hiyo wapenzi wa magari ya zamani kutoka Dar walipotaka kufanya maonesho yao hapa Kibiti, kwenye uwanja wa mpira, mnadhani walimtafuta nani awe jaji?

Si kuwa jaji tu, nilitoa na zawadi. Matairi manne mapya kutoka dukani kwangu, niliyafuta yakang'aa, nikayapandisha juu ya meza katikati ya uwanja, kila mtu ayaone. Mimi sifichi kizuri.

Jaji mwenzangu alikuwa bwana mmoja wa Dar, mpole, amevaa glavu nyeupe kama anakwenda kumzalisha mtu. Kipimo chake kilikuwa kimoja: gari limebaki kama lilivyotoka kiwandani? Anapapasa taa, ananusa viti, anatikisa kichwa. Nikaona huyu atatukalisha mpaka magharibi. Nikaichukua maiki.

"Gari la boksi halipimwi kwa rangi," nikawaambia. "Rangi hata jeneza linapakwa! Mimi naingia nyuma, nafungiwa mlango, natafuta jua. Kila tundu la kutu ni nyota. Atakayenipa giza tupu, matairi haya ni yake, na mimi mwenyewe nitamfungia!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Nami nilijua ninachokisema. Gari la zamani lililokaa mwambao huu halikosi tundu, chumvi haina mjomba. Sifa ningezipata mchana, na matairi yangerudi dukani jioni.

Sasa katika kushangiliwa huko, nikasikia honi iliyopasuka. Haisi ya bluu inaingia uwanjani inachechemea, inanuka samaki. Sikuhitaji kumtazama dereva. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, mfanyabiashara wa samaki wa Nyamisati, mwanamke anayeendesha mwenyewe, na mdomo wake huwa unatangulia gari kufika.

Kwetu binamu ni mtani wako. Akikukuta na kitoweo mkononi anakichukua, wewe unacheka. Ukinuna, aibu ni yako.

Alishuka akaenda moja kwa moja kwenye meza, akayapapasa matairi.

"Binamu, ahsante. Umejuaje saizi yangu?"

"Hayo ya mashindano, bibie. Na lako hilo halishindani hata na mkokoteni."

"Wewe nitukane, lakini tazama miguu ya gari langu."

Nikatazama. Matairi yake yalikuwa vipara kuliko kichwa changu, na mimi sina unywele hata wa dawa. Akainama karibu, utani ukamtoka kidogo. Masika ilikuwa mlangoni. Wiki ile ile aliteleza njiani pale Mtawanya, akaingia mtaroni na shehena nzima, na alipofika Dar samaki walikuwa wameshalegea. Wanunuzi wake walimwambia waziwazi: akichelewa tena, watachukua kwa mwingine.

"Nimekuja kushinda," akasema. "Sikuja kuomba."

Tukaanza. Niliingia haisi moja baada ya nyingine, na kila mlango ulipofungwa nikatangaza kwa sauti: "Naona nyota!" Watu wakacheka. Ile iliyong'aa kuliko zote, ya kutoka Dar, nilidhani imenipata. Nikainua zulia pembeni: tundu dogo kwenye upinde wa gurudumu, jua linanichungulia. "Naona nyota, ndogo lakini ipo!" Nikatoka nikipumua vizuri.

Ikabaki ya bluu. Bwana wa glavu akachungulia ndani kwanza, akarudi nyuma.

"Sakafu hii ni mbao!"

"Bati lilikwisha kwa chumvi," binamu akajibu. "Nikamwita fundi wa mashua wa Kiongoroni akanitengenezea nyingine."

Na fundi wa mashua, mwite umtengenezee kitanda, atakutengenezea mashua. Alipanga mbao za mkoko, kila mwanya akaukalafati, yaani akauziba kwa pamba na mafuta, akapandisha mpaka ubavuni kote kwenye kutu, na mlangoni akaweka kizingiti. Kazi safi. Kosa lake moja tu: yeye maisha yake yote amezuia maji yasiingie. Hakufikiria kwamba barafu ya samaki ikiyeyuka, maji yanatakiwa kutoka. Hakuacha hata tundu la sindano. Hilo mimi nililijua baada ya kuingia.

Niliruka ndani na viatu vyangu vya ngozi, vyekundu, vya kuchongoka. Chwaa! Maji ya barafu yakanifika vifundoni. Kabla sijageuka, mlango ukafungwa nyuma yangu, na komeo likalia kwa nje.

"Binamu! Ndani mna maji!"

"Najua. Tangu Nyamisati nayatoa, nikachoka. Mengine nimekubakishia."

"Fungua!"

"Jaji, unaona nini?"

Nikatazama chini. Nikatazama pembeni, juu, kwenye mlango. Nikafikiri nimefumba macho, nikayagusa kwa kidole. Yalikuwa wazi.

"Fungua, viatu vyangu!"

"Viatu nimevisikia. Watu wanauliza unaona nini. Useme kwa sauti, kama ulivyosema kwenye maiki."

Samaki mmoja mdogo aliyesahaulika akanigusa kisigino. Mtani akikushika hivyo, hutoki kwa ubabe, unatoka kwa kulipa.

"Giza!" nikasema.

"Hawajasikia!"

"Giza tupu! Sioni hata tumbo langu!"

"Hilo tumbo lisipoonekana, basi ni giza kweli," akasema, na uwanja mzima ukapiga kelele. Mlango ukafunguka.

Nikatoka natiririka. Bwana wa glavu alikuwa ananisubiri, na ananionea huruma. Akaninong'oneza kwamba naweza kuyaokoa matairi yangu. Sakafu ile si ya kiwandani, anaweza kuliondoa gari hilo mashindanoni na hakuna atakayenilaumu.

Nisiseme uongo, nililipenda wazo lile. Niliyatazama matairi yangu pale mezani. Kisha nikaona binamu hacheki tena. Alikuwa ameshika mlango wa gari lake, anatusoma midomo.

Nikaichukua maiki. "Nilisema giza, sikusema bati. Na neno langu halijakalafatiwa na mtu, lakini halivuji."

Nilimfungia yote manne kwa mikono yangu, nimekunja suruali, pekupeku. Yeye alinisimamia, anahesabu nati na kuniambia nikaze, mimi ninayewafundisha wenzangu kukaza.

Mvua ilianza baada ya siku chache. Magari ya samaki yalikwama njia nzima, na haisi ya bluu ikapita hapa barabarani alfajiri na mapema, inaelekea Dar, haikusimama. Ilipiga honi tu. Aliporudi alinishushia ndoo ya kaa na dumu lililokatwa ubavu, lile la kutolea maji mtumbwini.

"La nini?"

"Siku ukiwa jaji tena, uingie nalo."

Nimelitundika dukani, juu ya matairi. Wateja wakiuliza, nawaambia ni kombe langu la ujaji. Kibiti nzima hakuna mwingine mwenye nalo.