Asali Baada ya Mwarobaini

Mume wangu anachomelea mageti Kizota, na kuna kipindi alikuwa anakwenda kazini na kandambili. Kila fundi anajua kuchomelea na kandambili ni kutafuta balaa, lakini kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda cha kisukari kisichotaka kufunga, na buti halikuingia. Daktari alishasema wazi: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa.

Vidonge alikuwa anameza. Juu yake tukaongeza mwarobaini, mti ulio uani kwetu. Mimi ndiye niliyechuma majani na kuyachemsha, na nesi wa kliniki nilimwambia mapema. Alisema vidonge visiachwe, kikombe kiwe kidogo na vipimo tusiviruke, maana vyote viwili vikishusha kwa pamoja mtu anaweza kuzimia.

Sukari haikushuka hata kidogo. Chai alikunywa bila sukari, soda alishaiaga, ugali wa uwele nampimia mwenyewe. Akaanza kusema vidonge ni bandia. Mimi nilichanganyikiwa, na nikichanganyikiwa huwa mkali. Hata kuku walinikimbia.

Asubuhi moja niliingia jikoni kuchukua ufagio, nikamkuta amesimama kabatini. Mkono mmoja kikombe cha mwarobaini, kitupu. Mkono wa pili kijiko, na mbele yake dumu la asali analoletewa na dada yake kutoka kwao Kondoa.

"Unafanya nini?"

"Nashushia dawa." Alinishangaa kwelikweli. "Kwetu dawa chungu hainywewi hivi hivi. Tangu utoto, bibi akikupa mzizi anakupa na asali."

"Na sukari uliyokatazwa?"

"Sukari si nimeacha? Asali siyo sukari, mke wangu. Asali ni dawa."

Hakuwa ananidanganya, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Kwao asali hupakwa kidonda, hulambishwa mtoto mwenye kikohozi, hupelekwa ukweni. Kuiita sukari ni kuivunjia heshima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaogopa, maana nilikiona kile kidole kikiondoka kijiko kwa kijiko.

Nikamimina kikombeni mwarobaini uliobaki kwenye sufuria, nikaunywa mbele yake bila kushushia kitu. Uchungu ulinishika mpaka masikioni.

"Umeona? Sijafa."

"Mbona machozi?"

"Kunywa maji, nenda kazini!"

Dumu nikalipeleka kwa jirani siku hiyo hiyo. Tangu hapo dawa anashushia maji, uso ameukunja, na mimi namsimamia mpaka ameze. Sukari ikaanza kushuka. Nesi alisema tusiyape majani sifa zote, vidonge navyo vilikuwa vinafanya kazi muda wote. Nikamwambia sifa nyingine anipe mimi.

Wifi alipokuja na dumu jipya nilijiandaa kwa ugomvi. Mume wangu akaniwahi. "Dada, asante, lakini mimi asali basi. Itaniondolea mguu." Wifi aliniangalia kama niliyemroga kaka yake. Sikujali.

Kidonda kilifunga polepole, kuanzia pembeni. Siku alipovaa buti tena alikwenda barazani, akawa anakanyaga sakafu kwa kishindo na kuniita nije nisikie. Nilikuwa nimeshasikia tangu jikoni. Nilikwenda hivyo hivyo.