Ufuta Ndani ya Pepeta

Mimi sili chakula kabla sijakitazama. Watoto wangu wanasema ni tabia mbaya, namwaibisha mwenye nyumba. Waseme. Nimepika miaka mingi katika jiko la wafanyakazi wa mashamba ya miwa, watu wa kila mkoa, kila mmoja na mdomo wake, na huko nilijifunza kuwa mpishi anaweza kudanganya lakini sufuria haiwezi. Wali ulioungua chini unanuka hata ukiumwagia mchuzi. Samaki wa jana ana jicho lake. Shule niliishia darasa la nne, lakini hoteli yangu hapa Ifakara niliijenga kwa tofali nilizofyatua kwa mikono hii, na waliosoma walikuja kula kwangu wakalipa.

Sasa hoteli anaiendesha binti yangu, na mimi naandika habari za chakula. Naandika kwa kalamu, binti anapiga picha karatasi kwa simu anaituma redioni, na Jumamosi asubuhi mtangazaji anasoma. Nani anapika kambale vizuri, nani anauza mchele wa zamani akiuita mpya. Wengine wamenichukia. Mjukuu wangu wa kike, msomaji wa vitabu vya wapelelezi, aliwahi kuniambia, "Babu, wewe ni mpelelezi, umekosa koti refu tu." Nikamwambia mimi nina kijiko, kinatosha.

Mwaka jana mvua zilichelewa. Mwezi wa nne ulipokuwa unaisha, mpunga wa watu bondeni ulikuwa bado una mimba, suke limejificha ndani ya bua. Ndipo nikakuta pepeta sokoni. Alikuwa nayo mama mmoja muuza bamia wa upande wa nyuma, kaiweka kwenye ungo mdogo akaifunika na khanga, kama mtu anayeuza kitu asichotaka kionekane sana. Pepeta ni mpunga uliokatwa bado mbichi, ndani umeanza tu kukaza, ukakaangwa, ukatwangwa ungali wa moto mpaka ukalala bapa. Yake ilikuwa na ukijani, laini, punje nzima nzima. Nikatafuna. Nyuma ya utamu kukaja kitu kingine. Nikachambua kiganjani nikaona chembe mbili tatu za ufuta zimegandamana na mpunga.

"Umechanganya na ufuta?" nikamuuliza.

"Babu, kula. Ukimhoji kuku hutapata supu."

Nikala. Nikaenda nyumbani nikaisifu. Redio ikasoma kwamba pepeta ya kwanza mwaka huu iko sokoni, ina kiufuta kwa mbali, na aliyeitwanga ana mkono wa zamani. Watu wakamvamia yule mama mpaka ungo ukabaki na pumba.

Jumatatu nikavuka daraja kwenda shambani kwangu, upande wa Lupiro. Nikamkuta jirani yangu wa shamba barabarani na mgambo wawili. Ni mtu wa makamo, baba yake alikuwa rafiki yangu, marehemu sasa. Hakuniamkia. Hapo nikajua kuna jambo, maana yule hata akiwa na homa hunipa shikamoo.

"Mzee, ng'ombe wa ngosha wamenimaliza," akasema. "Kile kipande cha majini chote. Nilikipanda mapema, nikakimwagilia kwa ndoo, siku nne tano sijafika, leo nakuta vishina."

Ngosha ndivyo tunavyomwita mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pembeni ya mashamba yetu. Ana maksai wawili, na hao ndio wanaotulimia wote pale. Yeye, mkewe na watoto wanakula kwa plau hiyo. Maksai mmoja alikuwa tayari amefungwa kwenye mlingoti wa bendera nje ya ofisi ya kijiji. Mkutano ulipangwa Alhamisi. Ngosha akionekana ana kosa, maksai yule anakuwa wa jirani yangu. Na maksai mmoja hakokoti plau. Kila mtu alilijua hilo, na jirani yangu alilijua kuliko wote, kwa sababu walikuwa wamegombana tangu kiangazi kuhusu njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji.

Ngosha akanifuata shambani, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ng'ombe wangu hawajala mpunga wa mtu. Walipita kwenda majini, njia ni hiyohiyo."

"Kila mwenye ng'ombe husema hivyo."

"Na kila mwenye mpunga husema ni ng'ombe," akajibu. "Wewe wanakusikiliza, mzee. Mimi wananihesabu mgeni, na nimezika mtoto hapa."

Jibu lake lilinigusa, lakini sikumwamini. Nilimsindikiza mpaka kwake makusudi, nipeleleze. Nikaona zizini majani mabichi ya mpunga.

"Na haya?"

"Niliyaokota njiani, yametupwa. Ningeyaacha yaoze?"

Nikayageuzageuza kwa mkono. Mtu mwenye kesi ya mpunga, majani ya mpunga zizini. Hata ningekuwa mimi hakimu ningemfunga. Nikarudi kwenye kipande cha majini, nikakunja suruali nikaingia matopeni, kitu ambacho mgambo hawakufanya. Nyayo za ng'ombe zilikuwepo ukingoni, kweli. Huko ndani hakuna. Na vishina vilikuwa vimekatwa mshazari, vyote kimo kimoja. Ng'ombe anazungusha ulimi akavuta, anaacha nyuzi nyuzi. Nikamwita jirani nikamwonyesha.

"Hii ni mundu."

"Basi ngosha kakata akawapelekea," akasema bila kuinama. "Umeyaona majani zizini kwake? Mimi nimeyaona."

Nilitaka kumkubalia. Lakini majani yale ya zizini hayakuwa na masuke, na anayemlisha ng'ombe hachambui masuke pembeni. Masuke yalikwenda wapi? Kulikuwa na bua moja limesahauliwa kwenye kona, suke lake zima. Nikalichuma, nikamenya punje, nikatafuna. Ilikuwa tamu, teketeke, imeanza tu kukaza. Ulimi wangu ukakumbuka kabla mimi sijakumbuka. Bonde zima mpunga una mimba, huu peke yake ulikuwa tayari, na Jumamosi mtangazaji kasoma kwamba pepeta iko sokoni. Kumbe mimi ndiye niliyempigia mwizi debe.

Jumanne asubuhi nikawa mbele ya ungo wa muuza bamia.

"Nani anakuletea pepeta?"

"Babu, leo umekuja kununua au kunipeleka polisi?"

"Vyote vinawezekana."

"Basi anza na kununua." Akanipimia kikombe, akanisogelea. "Inakuja na bodaboda, kwenye kapu. Mwenyewe kaniambia nikimtaja siletewi tena. Na akasema hasa yule mzee wa redio asijue. Sasa nikuambie wewe?"

Kwa hiyo alikuwa mtu anayenijua. Nikaketi kwenye kreti la soda nikaanza kuwashuku watu mmoja mmoja, mpaka mke wa jirani, mpaka binti yangu mwenyewe, maana naye anapenda pepeta. Yule mama akanicheka. "Babu, unaitazama hiyo pepeta kama imekukopa."

Niliutazama ule ufuta. Mara ya kwanza nilidhani ni ufundi. Lakini anayetia ufuta kwa kupenda anatia unaoonekana. Chembe mbili tatu ni za chungu ambacho jana yake kilikaanga ufuta, na mwenyewe hakukisugua. Nikajiuliza wapi niliwahi kukuta ufuta mahali usipohusika. Kwenye maharage. Kwenye msiba. Msiba wa rafiki yangu, baba yake jirani. Nililiona siku ile nikanyamaza kwa heshima ya wafiwa: mjane wake ana chungu kimoja cha kukaangia kila kitu, ufuta, karanga, mahindi, na wakwe zake wakimletea sufuria mpya anazigawa.

Nikapanda bodaboda nikarudi ng'ambo. Mwanawe, yule jirani yangu, alikuwa mjini kutafuta mashahidi. Nilimkuta bibi yule nyuma ya nyumba, kakaa kwenye mbuzi ya nazi isiyo na nazi, mundu umechomekwa kwenye makuti juu ya kichwa chake.

"Karibu kaka," akasema. "Nilijua utakuja. Redio ilisema mkono wa zamani, nikasema huyu keshanionja."

"Dada, umeiba mpunga wa mwanao?"

Akanitazama kama nimemtemea mate mlangoni. "Niibe? Kile kipande nilikifyeka na marehemu, wewe ulikuwepo, ulikula kande zetu tukifyeka. Yeye amekikuta kimenyooka. Anapanda chote, anavuna chote, anauza chote. Nikitaka chumvi namwomba. Nikitaka sabuni namwomba. Mtu uliyemzaa unamwomba chumvi, naye anauliza ile ya juzi imeisha? Nikasema mwaka huu nitakata changu kabla hajakivuna. Nikatwanga. Nimekula, nimeuza. Hayo majani nikayatupa njiani."

"Na maksai wa watu yuko mlingotini."

Hapo akashusha macho. "Sikujua atamshika ngosha. Nilijua atasema panya."

"Sema mkutanoni basi."

"Niseme mbele ya watu kwamba mwanangu ananinyima chumvi? Halafu yeye aishi wapi? Watamtungia nyimbo kwenye pombe." Akachomoa mundu kwenye makuti, akaurudisha. "Wewe una mdomo. Tumia wako."

"Mdomo wangu ukisema, utakutaja."

Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nilimshuku hata hapo. Nilidhani analia ili niondoke. Kisha akaingia ndani akarudi na kapu, chini kuna pepeta kidogo, kama bakuli moja. "Hii nilijiwekea," akasema. "Ya mwisho. Mpe yeye ale. Akila akaendelea kusema ni ng'ombe, basi mimi sikuzaa mtu, na Alhamisi hiyohiyo nitakuja mwenyewe niseme."

Jioni ile na Jumatano nikampelekea maksai maji pale mlingotini. Mgambo akaniuliza kama nimehongwa. Nikamwambia ndiyo, nimehongwa na kiu ya ng'ombe.

Alhamisi watu walijaa. Mwenyekiti wa kijiji akafungua, jirani yangu akasema yake, nyayo, majani zizini, na kila neno lilimwangukia ngosha pale alipochuchumaa. Mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Nilimtafuta bibi kwa macho nikamwona mwishoni kabisa, kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Mimi sina neno, nina chakula."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee, hapa siyo redioni!"

"Ndiyo maana nimekuja na kapu, redioni hamli." Nikaenda mpaka kwa jirani yangu, nikamwekea pepeta kiganjani. "Mwanangu, kula kwanza. Mtu hahukumu na njaa."

Alitaka kukataa. Lakini mbele ya watu huwezi kukataa chakula cha mzee aliyemzika baba yako. Akatia mdomoni. Akatafuna haraka, kama mtu anayemaliza kazi. Halafu taya likapunguza mwendo. Akatoa kitu katikati ya meno kwa ukucha, akakitazama, chembe nyeusi ndogo. Mtu hasahau chungu cha mama yake, hata kama amesahau chumvi yake. Nilimwona akitazama kiganja, kisha akitazama ule ukijani, kisha macho yakaanza kutembea juu ya vichwa vya watu mpaka yakafika kwenye khanga ile ya mwisho. Pale yakakaa.

"Hii umeitoa wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Sokoni. Mji mzima umeila. Kasoro wewe."

Akafuta mikono kwenye suruali. Akamgeukia mgambo.

"Fungueni ng'ombe wa watu."

"Vipi tena?" Mwenyekiti akashangaa. "Si ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema fungueni. Nilikosea kutazama."

"Na mpunga umeliwa na nani?" yule kijana akauliza.

"Umeliwa na wenyewe," akasema, akachukua kapu mkononi mwangu, akaondoka bila kuaga mtu. Alipofika kwa mama yake alisimama kidogo, akambebea kapu lake, wakaenda. Watu wakanung'unika kwamba nimemlisha dawa. Mpaka leo wapo wanaoamini, na wengine hawagusi chakula nikiwa nimekishika mimi. Vizuri. Na wao wajifunze kutazama.

Ngosha alinifuata njiani akimvuta maksai wake. Nilitegemea asante. Akasimama mbele yangu.

"Mzee, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Jumanne. Na mimi na mke wangu hatukulala mpaka leo."

"Nilimpelekea ng'ombe wako maji."

"Ng'ombe, ndiyo," akasema. "Kwangu hukupita."

Akamswaga mnyama wake wakaenda. Siri ya mama mtu haikuwa yangu kuigawa, na ningefanya hivyohivyo tena. Lakini msimu uliofuata nilipomwagiza aje alime shamba langu alisema kuna foleni, na foleni ile ilianzia kwenye kipande cha majini. Nilipita nikawaona. Maksai wote wawili kwenye plau, ngosha nyuma, na yule bibi juu ya tuta anaelekeza kwa fimbo mpaka wake uanzie wapi na uishie wapi. Mwanawe alikuwa upande wa pili, analima kwake kwa jembe la mkono, akisubiri zamu yake. Walipopumzika bibi akamletea ngosha bakuli la karanga za kukaanga. Akalipokea kwa mikono miwili. Akaliinamia, akachambua kwa kidole, akatoa chembe, ya ufuta bila shaka, akanitazama mimi kule barabarani, ndipo akala.