Siku nlipotoa upepo kwenye matairi ya mume wangu mbele ya rafiki zake

Wakuu, assalamu alaikum. Walionizidi umri kama wamo humu, shikamooni, ingawa nna shaka kama wapo. Nnakaribia miaka tisini.

Nnaandika kwa kidole kimoja, mnistahamilie. Haya yamenifika mie mwenyewe, sikuhadithiwa.

Jana kijana kauliza humu: ana gari la spoti, anakwenda kulikimbiza uwanjani kwa mara ya mwanzo, matairi ajaze presha kiasi gani? Wengi mkamjibu, "Jaza sana, gari liwe jepesi."

Moyo ulinipasuka. Jawabu hilohilo lilitaka kuniweka eda sijafika hata miaka ishirini na mbili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Unguja. Mume wangu, Nassor, alinunua gari la spoti kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Viti viwili, halina paa, la kijani. Mji Mkongwe halikuwa na pa kupita, vichochoro vyenyewe mnavijua. Likilala Darajani.

Mie ni binti wa fundi magari. Baba alikuwa na gereji Ng'ambo, na mie ndiye nliyekuwa nikimshikia pampu na geji ya kupimia upepo tangu nna miaka minane. Nassor alilijua hilo alipokuja kunichumbia. Alilisahau baada ya harusi.

Basi rafiki zake wakapanga Jumapili wakimbize magari kwenye shamba la mmoja wao, njia ya kwendea Jozani. Kulikuwa na lami nyembamba inazunguka minazi. Mmoja mmoja, kwa saa ya mkononi, nani mwepesi zaidi.

Asubuhi nikamkuta anapampu matairi. Arubaini, yote manne.

Nkamwambia, "Bwana, arubaini nyingi. Anza na ishirini na sita, uzunguke kidogo, kisha tupime tena."

"Zuwena, haya si ya jikoni."

Nkanuna. Nkavaa buibui langu, nkapanda, sikusema neno njia nzima. Na nlikuwa na mimba ya miezi minne, wakuu. Nlijua anakwenda kwenye hatari, nkanyamaza kwa kununa tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kule shambani wanawake tulikaa upande wetu, kwenye banda la makuti, na mama mkwe wangu, Bi Shemsa. Kahawa na halua zikapita.

Kila dereva alipewa mzunguko wa majaribio. Nassor akaondoka kwa kishindo.

Kona ya pili nkaliona gari linarukaruka kama mpira. Kisha nyuma ikachomoka, gari likageuka ubavu, likaelekea kwenye minazi. Bi Shemsa akapiga ukelele.

Likasimama. Baina yake na mnazi hapakuwa na hatua mbili.

Nassor akarudi polepole. Akashuka, midomo imekauka. Akaja mpaka kwenye banda letu, akasema taratibu, "Zuwena. Njoo uyatazame matairi."

Nkatoa geji mkobani. Naam, nlikuwa nayo. Kununa si kupoteza akili.

Nkachutama pembeni ya gurudumu na buibui langu, wanaume wamesimama wananitazama. Nkapima. Ile arubaini ya asubuhi ishafika arubaini na tano.

Nassor akasema, "Toa mpaka ishirini na sita, kama ulivyosema."

"Hapana. Ile ilikuwa ya tairi baridi. Sasa limechemka, upepo umetanuka. Tukishusha mpaka pale, likipoa litalegea, litakukunjikia kwenye kona."

Nkashusha ya mbele mpaka thelathini. Ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yaliyochomoka, ishirini na nane, yapate kuishika lami zaidi.

Rafiki yake mmoja akacheka, "Leo fundi kavaa buibui!"

Nassor akamjibu bila ya kugeuka, "Naam. Na baba yake ndiye anayekutengenezea gari lako."



Nkamwambia Nassor azunguke mara mbili pole, kisha ndiyo akaze. Akanisikiliza. Kwenye ile kona gari likainama kidogo, likaishika lami, likapita. Nkakaa chini palepale kwenye vumbi, nnalia na kucheka. Bi Shemsa akanikumbatia, naye analia.

Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa nne. Wallahi sijawahi kuifurahia nambari kama ile.

Tulikaa pamoja miaka hamsini na kitu. Kafariki kitandani kwake, mzee, watoto wamemzunguka.

Nlilojifunza: anza na presha ya kiasi tairi likiwa baridi, zunguka, pima likiwa moto, kisha rekebisha kidogo kidogo. Nambari zangu ni za matairi ya zamani, msizinakili. Kila gari lina zake.

Na la pili: ukijua jambo linaloweza kumuua mtu, usiseme mara moja ukanuna. Sema tena. Mie nliokolewa na hatua mbili za Mungu, si kwa busara yangu.

Mafundi, nikosoeni. Na nyie wenye ndoa, semeni kweli: nani kati yenu ashawahi kunyamaza, kisha akaomba Mungu asiadhibiwe kwa kunyamaza kwake?