Alibeba Magazeti ya Uingereza Kwanza, Mama Yangu Baadaye

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka 34, nina watoto wawili, tunaishi Jangwani. Mume wangu ana meza Kariakoo ya vyombo vya mtumba kutoka Uingereza. Sahani na vikombe huja vimefungwa kwenye magazeti ya huko, mengine ya zamani kuliko wazazi wetu. Wenzake huwapa wauza karanga. Yeye huyanyoosha kwa pasi na kuyapanga kwenye maboksi, na akaanza hata kuyanunua. Nilikuwa namtania kwamba kaniolea mke mwenza. Nikajisemea, kila mtu na ugonjwa wake.

Mama yangu alipopata kiharusi nilimleta kwetu kutoka Lindi. Kitanda chake tulikiinua kwa matofali, kama tufanyavyo huku kila masika. Siku ya mafuriko mimi ndiye niliyekuwa mezani Kariakoo. Nikampigia mume wangu: "Mtoe mama kwanza, mengine acha." Akajibu, "Ondoa shaka, nishamtoa."

Nilipofika, maboksi yote yalikuwa ghorofani kwa jirani, makavu, yamefunikwa turubai. Mama hayupo. Ndipo nikamwona mume wangu anatoka nyumbani, maji kiunoni, mama mgongoni amelowa chapachapa. Watu wakampigia makofi. Jioni mama aliniambia kwa ulimi wake ule mzito, "Alibeba makaratasi, mwanangu. Nilikuwa namwita." Maji yalikuwa yameshapita kitanda. Kifua kikambana, na hakumaliza wiki.

Nilimuuliza mume wangu, wala hakukana. "Nilidhani maji hayatafika kitandani haraka. Na yale magazeti yakilowa ndiyo basi, hayapatikani tena." Nikamwambia, "Na mama yangu anapatikana wapi?" Akainuka akatoka. Namchukia, jamani, siwezi kuficha.

Sasa arobaini imekaribia. Kaka yangu mkubwa kanipigia analia: "Dada, shemeji huyu usimwache. Mkwe mtu humwonea haya hata kumsogelea, yeye kambeba mgongoni!" Wamemshonea kanzu, watamvalisha mbele ya watu baada ya hitima. Mume wangu ananisihi: "Ukisema wataniua. Watoto utawalea na nani?" Na kaka zangu nawajua, hasira zao haziko mbali.

Nikisema, wanangu watakosa baba. Nikinyamaza, nitapika pilau na kupiga vigelegele kwa mtu aliyemsikia mama yangu akiita, akampita na boksi kichwani.

Kanzu imekwisha kushonwa. Fundi yuko hapa Kariakoo, na mimi ndiye niliyetumwa kesho nikaichukue. Wenzangu mliozika mama, niambieni: niende?