Gari la Bwana Harusi Lililokataa Gia

Ashukuriwe Mungu aliyeniamsha tena asubuhi hii na kunipa mikono ambayo bado inashika kalamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kungoja, na katika ujana wangu somo hilo lilimpa kazi kubwa!

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ile ya hamsini, nikiwa fundi kijana wa gereji pale Iringa. Ilikuwa Juni, na baridi unaijua. Tulikuwa tukiota jua ukutani tuliposikia mngurumo uliotuinua wote. Likaingia gari la mashindano, jekundu, la viti viwili, halina paa! Lilikuwa limeundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kwangu halikuwa zee hata kidogo. Moyo ulinidunda kama ngoma.

Dereva alikuwa Ambakisye, rafiki yangu tuliyesoma naye misheni kule Rungwe. Alikuwa amelinunua kwa mkulima mmoja wa chai aliyerudi kwao Ulaya. Pembeni yake aliketi shangazi yake, amejifunga khanga mbili, wima kama jaji.

"Ndugu yangu, niokoe!" alisema Ambakisye. "Gia hazikubali. Zinasaga, krrr! Na saa sita natakiwa kanisani Ilula. Mchungaji akishamaliza anapanda milimani, harudi mpaka mwezi ujao. Wakwe wamesema nikichelewa leo, basi tena."

Sikuuliza neno. Nilikuwa na hamu ya kuona tumbo la gari lile! Nikakimbilia spana, nikavuta magogo ya kuliinulia, nikasema giaboksi imekufa, tuishushe. Ambakisye akashika kichwa. Kuishusha na kuirudisha ilikuwa kazi ya kutwa nzima.

Mzee Luka, fundi wetu mkuu na mzee wa kanisa, akaniwekea mkono begani.

"Wewe, unataka kumpasua mgonjwa hata hujamuuliza anaumwa wapi?"

"Mzee, si unasikia zinavyosaga?"

"Nasikia. Na wewe nakusikia unavyohema. Zima injini, ujaribu gia."

Nikazima. Mwanangu, gia ziliingia zote, laini, moja baada ya nyingine! Nikawasha, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikajaribu tena: krrr! Nikazima: laini. Nikaanza kucheka kwa furaha, maana niliona. Giaboksi ilikuwa nzima. Klachi ndiyo haikuwa ikiachia, yaani haikuitenga injini na gia, kwa hiyo injini iliendelea kuzungusha gia nilipotaka kuziingiza.

"Sasa muulize mwenye gari," akasema Mzee Luka.

"Ilianza lini?"

"Leo alfajiri. Toka Mbeya mpaka Chimala, mpaka Ifunda tulikolala, lilikuwa linateleza kama siagi."

"Ifunda mligusa nini?"

"Hatukugusa kitu."

Shangazi akatazama mawingu. Hapakuwa na wingu.

Nikaingia chini ya gari, Ambakisye akakanyaga. Fimbo inayounganisha pedali na klachi ilisogea nusu tu, ikasimama. Kwa hiyo pedali haikuwa ikifika chini. Nikatoka mbio, nikainama nifunue zulia la mpira lililofunika sakafu nzima.

"Usiguse hapo!" Shangazi alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakaruka. "Kijana, huna adabu?"

"Shikamoo, Shangazi. Gari linaumwa hapo hapo."

"Marahaba. Liumwe."

"Shangazi!" Ambakisye karibu alie. "Saa nne hii!"

Mama yule akasema polepole, "Geukeni. Wote."

Tukageuka, tukatazama ukuta kama watoto walioadhibiwa. Tulisikia zulia likifunuliwa na kitu kizito kikivutwa. Tulipogeuka alikuwa amekumbatia furushi ndani ya khanga yake. Hapo tukaelewa. Lilikuwa blanketi, zawadi ya harusi ya mama mkwe! Shangazi ndiye aliyekabidhiwa, na kwa desturi waliyoshika jicho la mtu mwingine lisilione kabla ya mama wa bibi harusi. Kule nyuma penye mizigo vumbi lilikuwa likiingia, basi usiku ule Ifunda alilitandaza chini ya zulia, likaizuia pedali, akakaa kimya njia nzima.

"Na ole wake atakayesema lilikanyagwa," akasema.

"Shangazi, mimi nimeona ukuta tu," akajibu Mzee Luka.

Ambakisye akawasha, akakanyaga. Gia ya kwanza iliingia bila hata mnong'ono. Tukapiga vigelegele wanaume wazima! Walitoka kwa kasi, furushi mapajani mwa Shangazi, vumbi likawafuata. Jioni dereva wa lori la nyanya kutoka Ilula alituletea habari: ndoa imefungwa, na mama mkwe amejifunika blanketi lake palepale, jua likiwaka.

Mwanangu, kitu kikiharibika mikononi mwako, iwe gari, iwe urafiki au nyumba, usikimbilie spana. Uliza kwanza kilikuwa kizima mpaka lini, na tangu hapo kimebadilika nini. Anza na kile unachoweza kukijaribu bila kufungua kitu. Na ukiona mkubwa amenyamaza, mpe nafasi ya kusema bila kuaibika. Yawezekana dawa yote ameikalia yeye. Hamu ya kazi ni zawadi ya Mungu, nami bado ninayo, ila iende pamoja na subira.

Bwana akulinde barabarani na nyumbani, wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe masikio kabla ya mikono, na popote unapotarajiwa kwa furaha, akufikishe mapema.