Uvimbe Nilioupeleka kwa Mkwe Wangu

Hedhi ilipokoma, nilinenepa vizuri sana. Hapa Kianjokoma mwanamke akinenepa uzeeni watu husema watoto wake wanamtunza, nami nilizipokea sifa hizo mlangoni pa kanisa kana kwamba nimezitolea jasho. Kisha asubuhi moja nikioga, nikagusa kitu kigumu ndani ya titi la kushoto, kidogo kama buni ya kahawa. Niliogopa. Nikavaa, nikashika njia ya zahanati.

Sasa, daktari wa zahanati ile ni mume wa binti yangu. Kwetu kuna nthoni, ile heshima kati ya mkwe na mama mkwe. Hatushikani mikono. Akija kwangu hukaa karibu na mlango, anakunywa chai macho yakiwa sakafuni. Mtu wa namna hiyo utamfungulia vifungo vya blauzi?

"Mama, shida iko wapi?" aliuliza, akilitazama jokofu la chanjo.

"Magoti."

"Yote mbili?"

"Yote mbili."

Alinipa vidonge na dawa ya kuchua. Nikachua magoti yangu mazima kwa bidii jioni baada ya jioni, nikitumaini labda dawa itapanda yenyewe hadi kifuani. Uvimbe haukuwa na habari.

Binti yangu hufanya kazi Embu mjini na huishi huko huko, mtaa uitwao Dallas, hurudi kwa mumewe wikendi. Jumamosi moja alikuja kuniuliza mbona mumewe analalamika kwamba magoti yangu yamemshinda. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashikilia meza. Halafu akaanza kunitafutia viatu.

Mjini tulimpata daktari mwanamke. Alipotaja homoni za kike, nilimwambia niliachana nazo zamani.

"Ovari ndiyo imepumzika, mama," akasema. "Lakini mafuta ya mwili inaendelea kutengeneza estrojeni, hiyo homoni ya kike. Ikizidi, inaweza kulisha saratani ya matiti. Si unene peke yake, lakini inachangia."

"Yaani mimi nimestaafu, na mafuta yangu bado yako kazini?"

"Na haiendi likizo."

Huyo nilimpenda. Lakini walipochukua kipande cha uvimbe kwa sindano, majibu yalirudi kwamba ni saratani, tena ya aina hiyo inayolishwa na homoni. Walisema bado ni ndogo, tumeiwahi. Mimi nilisikia neno saratani tu. Nililia kwenye benchi la nje, mkoba wangu mapajani mwa binti yangu.

Walinipasua. Nilirudi nyumbani na kidonda cha kusafishwa kila siku, binti akarudi kazini, na nesi wa zahanati alikuwa amehamishwa. Siku ya kwanza mkwe wangu alifika na trei yake ya pamba na dawa, akasimama kizingitini akiangalia barabara.

"Mama, ama nitafute jirani mwanamke, nimwelekeze nikiwa hapa nje?"

"Na akikosea?"

"Kidonda inaweza kuoza."

Nilifungua kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho.

"Ingia, mwanangu," nikamwambia. "Na uangalie vizuri. Nataka kuishi."